Waziri Mkuu na Kibuyu cha Mama Karimi

Kibuyu hicho kilikaa jikoni kwa marehemu mama wiki tatu nzima baada ya mazishi, na kila nilipoingia kilikuwa kinanitazama. Najua kibuyu hakina macho. Lakini wewe hujawahi kukosana na kibuyu, kwa hiyo usinicheke. Kina ufa upande mmoja, umeshonwa kwa katani, na mkanda wake wa ngozi umekuwa mweusi kwa kushikwa. Ukitoa kizibo unapata harufu ya uji wa wimbi uliochacha, na nyuma ya harufu hiyo kuna moshi wa zamani sana. Nilipokinusa siku ya matanga nilikaa chini pale pale sakafuni, ikabidi niinuliwe. Watu walisema maskini, msiba umemlemea. Niliwaacha waseme.

Vyombo vingine vyote vilivyoletwa na majirani nilivirudisha kwa wenyewe. Kwenye kiondo niliweka ndizi, kwenye sufuria nikaweka sukari, kwenye ndoo nikaweka unga. Kwetu Tigania chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukimrudishia mwenzako chombo kitupu umemwambia kwamba mmemalizana, asikanyage kwako tena, na huhitaji kuongeza neno. Hakuna mtu anayekukalisha chini akufundishe jambo hili. Unakua, siku moja unajikuta unalijua. Mimi nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa bado sijafika siku hiyo.

Kibuyu hiki peke yake, alichokileta Mama Karimi siku ya matanga, ndicho nilichoshindwa kukirudisha, kwa sababu nilishawahi kukirudisha mara moja. Na nikianza kueleza hiyo mara moja, lazima nianze na Mwingereza.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka redio zile za betri kubwa, na maziwa ya shule kwenye pakiti za pembe tatu ambazo ukizikanyaga zililia kama bunduki. Miaka hiyo Uingereza ilitawaliwa na mama mmoja. Sitamtaja jina, mnamjua. Alikuwa waziri mkuu tangu kabla sijaanza shule, na mimi nilidhani ni cheo cha kufa nacho, kama cha malkia wao. Picha yake ilikuwa ukutani kwetu. Ilikuja nyumbani ikiwa imefungiwa nyama kutoka buchari ya Mikinduri. Mama alikunjua gazeti, akatoa nyama, akabaki ameshika karatasi. Kulikuwa na doa la mafuta kwenye bega la yule mama, lakini uso ulikuwa safi, na mkoba mweusi ulikuwa mkononi. Mama akaibandika kando ya kioo kwa gundi ya ugali.

Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alirudi jioni na chaki kwenye mikono ya shati akasimama mbele ya ukuta.

"Mama Mutwiri," akasema, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, "hawa watu walichoma nyumba ya baba yangu. Walimfungia ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba. Leo unaniwekea Mzungu ukutani?"

"Si Mzungu," mama akasema. "Ni mwanamke."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini picha ilibaki, na kuanzia hapo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituletea habari za yule mama, nusu kwa kumkejeli, nusu kwa sababu mwalimu hawezi kunyamaza na jambo analolijua. Taarifa ya saa moja ikiisha alizima redio kuokoa betri, kisha akaanza. Ndivyo tulivyojua kwamba baba yake yule mama alikuwa mwenye duka, na kwamba alikua akiishi juu ya duka hilo, harufu ya bidhaa ikipanda ngazi. Kwamba alisomea mambo ya kemia kabla ya kusomea sheria. Kwamba wanaume wa chama chake walimwona wa kupita tu, wakashtukia amekalia kiti na hatoki. Kwamba alipeleka meli na wanajeshi kupigania visiwa ambavyo baba alituonyesha kwenye ramani, vidogo kama vinyesi vya nzi, mwisho wa dunia. Kwamba wachimba makaa ya mawe waligoma karibu mwaka mzima na hakuwapa hata inchi.

"Na huyo huyo," baba akamalizia kila mara, sauti ikikaza, "amekataa kuwabana Makaburu kule kusini. Anasema mazungumzo. Mazungumzo na nani, na watu wamefungwa?"

Hapo mama aliendelea kumenya ndizi. Lakini lile la duka lilikuwa limemwingia. Yeye pia alikuwa mtoto wa duka. Babu yangu mzaa mama aliuza chumvi na mafuta ya taa sokoni Mikinduri, na mama alilala nyuma ya magunia mpaka alipoolewa. Nilimwona mara kadhaa akisimama mbele ya kioo, akijiangalia, halafu macho yakahamia kwenye picha, yakarudi kwenye kioo. Baadaye akapata mkoba mweusi kwenye mitumba. Kufuli yake ilikuwa imekufa, akaifunga kwa utepe.

Ni akina mama wenzake waliompa jina la Waziri Mkuu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao, na kikundi hicho kazi yake ilikuwa moja tu: matanki ya maji. Upande wetu wa Mikinduri ulikuwa mkavu, mto uko bondeni, na maji yake yalipita kwenye mifugo ya watu kabla hayajatufikia. Basi akina mama waliungana. Walibeba mchanga kutoka mtoni kwa debe, wakagonga kokoto kwa nyundo, wakajengeana matanki nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu zilipangwa na mama. Aliyechelewa kazini alibeba debe mbili badala ya moja, hata kama ni mke wa mchungaji, na mke wa mchungaji alibeba. Yeye mwenyewe alijiweka wa mwisho kabisa kwenye orodha. Walimlalamikia, walimwogopa, na matanki yalijengwa.

Sasa mnielewe mimi. Nilikuwa mtoto wa kushuku. Nilizaliwa hivyo. Nikipewa andazi nililigeuza kwanza niangalie chini. Na kichwani mwangu yule mama wa Uingereza na mama yangu walikuwa wamefungwa kamba moja. Sikufikiri wanafanana, nilijua wameunganishwa. Linalompata huyu litampata na huyu. Redio ikisema Waziri Mkuu ana mafua, mimi nilimtazama mama puani.

Siku moja baba akasema, akinywa chai, kwamba yule mama alipokuwa waziri wa elimu, kabla ya cheo hicho kikubwa, aliwaondolea watoto wa shule maziwa. Uuui! Sikulala. Kesho yake shuleni nilipewa pakiti yangu na sikuinywa. Nilijua sasa ni suala la muda, mama ataanza kwetu. Nilianza kuweka akiba. Nilificha pakiti chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya baba vya Jumapili, mpaka zikavimba, moja ikapasuka juu ya kiatu. Kichapo nilichopata sikukisahau, lakini sikusema sababu. Ningesemaje? Ningemwambia mama nakushuku?

Halafu mwisho wa mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, shule zikiwa zimefungwa, redio ikasema yule mama ameondoka.

Baba hakuzima redio siku hiyo. Alisahau betri kabisa. Aliita, "Mama Mutwiri! Njoo usikie rafiki yako!" Mama akaja na mwiko mkononi.

"Wapinzani wamemshinda?" akauliza.

"Wapinzani wapi! Wale hawajawahi kumweza. Ni watu wake. Wale wanaokaa naye meza moja. Alisafiri kidogo nje ya nchi, kurudi, kiti kinatikisika. Akawaita mmoja mmoja, kila mmoja akamwambia mama, tunakupenda, lakini ondoka."

"Watu wake?" mama akasema.

"Wale wale waliokuwa wakiitikia kila kitu."

Baba alikuwa anafurahia, sitamficha. Lakini siku chache baadaye alileta gazeti lenye picha ya yule mama ndani ya gari akiondoka kwenye nyumba ya serikali, macho yake mekundu, na hapo baba mwenyewe akampa mama bila kejeli. Mama aliishika ile picha muda mrefu. Hakuibandika ukutani. Aliikunja akaiweka ndani ya mkoba, akafunga utepe.

Mimi nilisikia neno moja tu, watu wake. Nikaanza kutafuta watu wa mama ni akina nani, na sikutafuta mbali. Alikuwa Mama Karimi.

Mama Karimi nilimwita tata, kama tunavyowaita shangazi na mama wadogo, ingawa hatukuwa damu moja. Alikuwa rafiki wa mama tangu wasichana, na makamu wake kwenye kikundi. Mwanamke mkubwa, mwenye pengo la meno, mwenye kicheko ambacho ulikisikia kabla hujaona mtu. Alinibeba mgongoni siku mama alipokuwa akimzaa mdogo wangu. Ningekuwa mtoto mwingine ningemwacha nje ya mashaka yangu. Lakini baba alikuwa amesema wa meza moja, na hakuna mtu aliyekula meza moja na mama kama tata.

Nikaanza kumchunguza. Nilimwona mtoni akiongea na wenzake, nikasogea, wakanyamaza. Niliona anavyotazama rundo la kokoto za kikundi lililokuwa uani kwetu. Na nilikuwepo siku alipokuja kuomba.

Mtoto wake mdogo, Mwenda, alikuwa akiharisha mwezi wa pili sasa. Zahanati walisema ni maji. Zamu ya Mama Karimi ilikuwa mbali, nyumba tano mbele yake. Alisimama mlangoni kwetu, hakukaa.

"Nisogeze," akasema. "Nyumba tano tu. Hata wao watakubali ukiwaambia wewe."

"Nikikusogeza wewe, watasema ni kwa sababu ni rafiki yangu. Na watakuwa wamesema kweli," mama akajibu. "Chemsha maji, Mama Karimi. Chemsha kila tone."

"Kuni zangu zote zimeishia kwenye kuchemsha."

"Zamu ni zamu."

Tata alicheka, lakini kile kicheko hakikufika popote. Alipoondoka mama alibaki amesimama, na nakumbuka mkono wake ulikuwa kwenye mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kuunyakua. Leo mimi ni mama wa watoto watatu, na nikikumbuka maneno hayo namkasirikia mama yangu, Mungu amlaze pema. Wakati ule niliona tu kwamba tata ameondoka na hasira, na uchaguzi wa kikundi ulikuwa Jumanne ijayo.

Walichagua kwa mlolongo, kama serikali ilivyokuwa ikifanya miaka hiyo. Hakuna karatasi. Anayetaka kiti anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake, na dunia nzima inaona nani yuko wapi. Miaka yote mama alisimama peke yake, na wa kwanza kujipanga nyuma yake alikuwa tata. Wengine walimfuata tata. Sidhani hata walikuwa wanafikiri.

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Mama aliondoka asubuhi na ndizi, baba alikuwa shambani upande wa pili wa kilima. Nilikuwa naota jua mlangoni nikamwona tata anapanda njia yetu, kibuyu kikiwa begani kwa mkanda wake wa ngozi. Ufa ule ulioshonwa ulikuwa upande wangu.

"Mama yako yuko?"

"Ameenda soko, tata."

Akasimama, akatazama njia aliyotoka, akatazama nyumba. Jasho lilikuwa linamtoka. Akanikabidhi kibuyu. "Mwambie nimemletea uji. Mwambie nimesema atajua." Akageuka, akashuka mbio. Mwanamke mkubwa vile, anakimbia!

Nikabaki na kibuyu. Na nikakumbuka kitu ambacho nilikijua barabara, kwa sababu nilikuwa nimekiona maisha yangu yote: mtu akileta uji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Shangazi zangu walifanya hivyo, nyanya alifanya hivyo, tata mwenyewe alifanya hivyo kila alipokuja. Leo hakuonja. Amekuja, amekabidhi, amekimbia. Na atajua nini? Mama atajua nini?

Nilikaa na kibuyu hicho kwenye magoti nikikisikiliza. Ndani uji ulikuwa unachemka kidogo kidogo, kama uji wowote uliochacha, lakini mimi nilisikia kitu kinaongea. Nikakibeba mpaka nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba, nikaumwaga uji wote. Kuku wakaja wakadonoa. Nikawakodolea macho nione nani atakufa wa kwanza. Jogoo mmoja akaenda kulala kivulini nikasema basi, huyo kwisha. Baadaye aliamka akaendelea na shughuli zake, lakini mimi nilikuwa nimeshakata shauri. Nilisuuza kibuyu mara tatu, maji ya mwisho nikayanusa, nikakimbia nacho mpaka kwa tata ili mama asikikute.

Tata alikuwa uani, Mwenda amelala juu ya gunia kando yake, miguu yake imekonda imekuwa vijiti. Nikampa kibuyu. Alikipokea kwa mikono miwili, na mikono ikajua kabla ya macho, kwa wepesi wake. Akakitikisa. Akatoa kizibo, akachungulia. Akakipindua juu chini. Hakikutoka kitu, hata tone, nilikuwa nimekisuuza vizuri.

"Mama yako amerudi kutoka soko?"

Nikasema ndiyo. Alikuwa hajarudi, lakini nilisema ndiyo.

"Ni yeye amekutuma?"

"Ndiyo, tata."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Akakaa chini kwenye udongo, kibuyu mapajani. Nilidhani nimemshika. Nilidhani ameona njama yake imejulikana. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikamenya ndizi bila kuambiwa, na mama aliporudi jioni alinisifu.

Kesho yake walikutana kwenye uwanja ulio chini ya kanisa, na mimi nilikuwa juu ya ukuta wa mawe na watoto wengine. Mama akasimama mbele na mkoba wake. Katibu akauliza kama kuna mwingine. Alikuwa anauliza kila mwaka na kila mwaka watu walicheka. Mara hii Mama Karimi akatoka katikati ya watu, akatembea polepole, akasimama hatua kumi upande wa kulia wa mama. Hakumtazama. Hakuna aliyecheka. Kisha mke wa mchungaji akaenda nyuma yake, na mwingine, na mwingine, na zile debe mbili mbili za miaka yote zikaenda nyuma yake. Nyuma ya mama walibaki wanne, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Mama alikunja mdomo, akampa tata mkono, akasema kazi iendelee. Alitembea mpaka nyumbani kichwa juu. Jikoni akaingiza kuni mbichi kwenye moto, moshi ukajaa, akaniambia nitoke nje moshi utaniumiza. Nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya yule kwenye gari. Nikasema moyoni, nilijua. Niliona kama nimeona mbali sana. Miaka ilipita kabla sijajiuliza nani aliwasha huo moto.

Tanki la kwanza chini ya mwenyekiti mpya lilikuwa la Mama Karimi. Mwenda alipona. Zamu zikaendelea, na mwishowe, kwa haki kabisa, zikafika kwetu. Akina mama walipanda njia na madebe ya mchanga vichwani, tata akiwa mbele. Mama akawakuta langoni. "Rudisheni mtoni mlikoutoa," akasema. Wakaumwaga pale pale kando ya njia, na ule mchanga ulikaa mpaka nyasi zikaota juu yake.

Kwa hiyo sisi hatukupata tanki. Nilishuka mtoni asubuhi na jioni mpaka nikaolewa, na mama aliendelea kushuka baada yangu mpaka mgongo ukapinda. Kanisani alikaa upande wa kushoto na tata upande wa kulia. Akiulizwa alisema, "Walikuwa watu wangu," basi, hakuongeza. Na mimi, ambaye ningeweza kuongeza, nilinyamaza nikiwa msichana, nikanyamaza nikiwa bibi harusi, nikanyamaza kando ya kitanda chake hospitalini alipokuwa akiuliza kama Mama Karimi bado yuko hai. Nilisema yuko. Akasema, "Haya." Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho na nikaikunja nikaiweka kama ile picha. Nilijichukia. Bado.

Basi wiki ile ya tatu nilijaza kibuyu unga wa wimbi mpaka shingoni, nikaufunga mdomo wake kwa kitambaa, nikashuka kwa tata.

Amezeeka, lakini bado mkubwa. Alikuwa amekaa kando ya tanki lake, saruji imeota ukungu wa kijani. Nikamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Alikipima kwa mikono, akasikia uzito, akafumba macho. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja nikiwa nimesimama, kuku, jogoo, kusuuza mara tatu, uongo wa soko. Nilipomaliza nilikuwa nalia kama mtoto wa miaka tisa ambaye sasa ndiyo amechapwa.

"Kaa chini," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini, tata?"

"Nilijua ni wewe. Jioni ile ile. Mama yako alipita hapa akitoka soko, mzigo bado uko kichwani. Akanisalimia akiwa pale njiani, akaniuliza Mwenda anaendeleaje, akaniambia kesho nisichelewe. Mtu aliyekurudishia kibuyu kitupu hakusalimii hivyo." Akapangusa pua kwa leso. "Uji ule ulikuwa wa kumwambia sina kinyongo, kesho nitasimama nyuma yake kama siku zote. Na nilikuwa nasema kweli. Halafu ukaniletea kitu kitupu, nikakaa hapo chini, na kabla mama yako hajapita nilikuwa nimeshafikiria kile kiti. Nilikuwa nimeshajiona nimepanga zamu. Alipopita nikajua ni utoto wako, lakini sikutaka tena kujua. Nilikuwa na mtoto gunia limemzidi uzito, na wewe umenipa sababu."

"Kwa nini hukumwambia baadaye?"

"Wewe kwa nini hukumwambia?"

Huko bondeni mtu alikuwa anafua, nilisikia nguo zikipigwa kwenye jiwe.

Akainuka kwa shida, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji. Akanipa. Akakaa.

Hakuonja.

Nilishika kile kikombe kikiwa na uvuguvugu na sikukiinua. Mwanamke mzima, nimetoka kuungama, machozi hayajakauka, na nilikuwa nimemtazama mdomo nikingoja. Naye akaona. Akacheka, na safari hii kicheko kilifika hadi barabarani. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa nusu, akanirudishia.

"Siku ile," akasema, "sikuonja kwa sababu nilikuwa nimemwacha Mwenda peke yake kwenye gunia. Nilitaka kurudi upesi."

Nikanywa nusu iliyobaki.